Nataka kuhamia kalamu ya nibu: nianze na kalamu gani, wino gani, daftari gani?

wakili_mtarajiwa

Wakuu habari za jioni.

Nipo mwaka wa tatu hapa Dar nasoma sheria, na kama kuna mtu humu kapita hiyo njia anajua sisi tunaandika mpaka vidole vinaota sugu. Mimi kidole cha kati kina kinundu kama harage, nikishapiga kurasa sita za notsi mkono unaanza kuuma kwenye kiganja unapanda mpaka kwenye kiwiko. Sasa juzi nikamwona lekchara wetu mmoja anaandika kwa ile kalamu ya zamani ya nibu (ile ncha ya chuma), fauntenipeni, yaani mkono unateleza tu kama hauandiki vile, nikasema hii kitu lazima niipate.

Bajeti elfu 80, kalamu pamoja na wino. Kuna steshenari moja mjini wanazo zinang'aa, nibu ina rangi ya dhahabu na imeandikwa 18K na herufi nyingine sikuzishika. Muuzaji kaniambia hiyo ni dhahabu.

Naombeni ushauri, ninunue kalamu gani? Mimi sijui chochote kabisa, nimezoea peni ya jero tu.

---

chai_maharage

Ngoja wajuvi waje, mimi nimekaa paleee

---

Mtu_wa_Ilala

Dhahabu karati 18 ndani ya elfu 80? Mkuu hiyo ni chai. Tena chai ya rangi bila sukari.

---

Kidau

Mkuu karibu kwenye huu ugonjwa. Mimi nipo nao mwaka wa tisa, kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Kwanza hiyo 18K. Rudi ukaangalie vizuri, nakuhakikishia utakuta 18KGP. Hizo GP maana yake imepakwa dhahabu nyembamba tu kwa juu, chini ni chuma. Na wala sio ubaya, nibu ya chuma inaandika vizuri sana, kwa sababu kinachogusa karatasi ni kale kapunje kadogo kalikochomelewa kwenye ncha, ni madini magumu mengine kabisa, na nibu za dhahabu halisi nazo zina kapunje hako hako. Ubaya ni muuzaji kukudanganya.

Pili, wewe umeuliza kalamu gani. Kila anayeanza anauliza hivyo, hata mimi niliuliza hivyo, na ndio maana nikapoteza hela miaka miwili. Swali la kwanza ni unaandikia kwenye nini? Maana kalamu unaweza ukabadilisha, wino unaweza ukabadilisha, ila wewe ni mwanafunzi, kaunta buku utaendelea kuandikia kaunta buku na mtihani utaandikia karatasi watakayokupa. Sasa karatasi ndiyo inaamua unene wa nibu, nibu inaamua wino, jina la kalamu linakuja mwisho kabisa.

Nikueleze kwa nini. Peni ya kawaida ina gololi na wino wake ni mzito kama mafuta, ndio maana lazima ukandamize gololi izunguke, na huko kukandamiza ndiko kunakokupa hicho kinundu. Kalamu ya nibu haina gololi. Wino wake ni maji na rangi tu, unashuka kwenye ulimi (ile plastiki nyeusi yenye vijifereji chini ya nibu), unaingia kwenye ufa katikati ya nibu, ukigusa karatasi tu karatasi inaunyonya wenyewe. Wewe hukandamizi chochote. Huku hewa inarudi ndani kupitia huo huo ulimi kuziba nafasi ya wino uliotoka. Mfumo huo Lewis Waterman aliuwekea hataza Marekani mwaka 1884 na mpaka leo kanuni ni ile ile.

Sasa ona mtego. Kama karatasi ndiyo inayonyonya, basi karatasi mbaya inanyonya hovyo. Wino unaota mizizi, yaani unaandika "a" inatoka na ndevu kama kambare, na ukigeuza ukurasa unakuta maandishi yote yametokea upande wa pili. Mtu anasema "kalamu mbovu hii", anaitupa kwenye droo. Kalamu ya watu haina kosa.

Kwa hiyo jibu haya kwanza: kaunta buku gani unatumia, mwandiko wako mkubwa au mdogo, na unatumia mkono gani. USINUNUE KITU MPAKA UJIBU.

---

Mtu_wa_Ilala

Kambare nimecheka kwa sauti kwenye daladala 😂

---

Mbongo_Ujerumani

Naunga mkono hoja ya Kidau, niongezee kidogo kutoka huku. Huku watoto wa shule ya msingi wanafundishwa kuandika kwa kalamu ya nibu, mwanangu wa darasa la tatu anayo, na wala haionekani mbwembwe, ni kitu cha kawaida kama rula. Lamy, kampuni ya kalamu ya huku, wana nibu maalumu wameiandika herufi A, ni ya wanaoanza, imezungushwa ncha ili mtoto akiishika upande upande bado iandike. Na wanatumia wino wa bluu ule unaofutika, halafu kuna kalamu nyingine ukipitisha juu ya ile bluu inapotea kabisa, ila ukitaka kuandika tena pale pale inabidi ugeuze upande wa pili wa hiyo hiyo kalamu ya kufutia kwa sababu bluu yenyewe haishiki tena. Mara ya kwanza kuiona nilidhani mazingaombwe.

Kwa mtu mzima anayeanza, Lamy Safari hutajuta. Ipo tangu 1980, plastiki ngumu ile, pale pa kushikia pamechongwa pembe tatu kwa hiyo vidole vinajua pa kukaa, na nibu unaivuta kwa selotepu unaweka nyingine. Konveta, yaani kibomba cha kunyonyea wino, unanunua pembeni.

---

kushoto254

Wasee wa Bongo mko poa? Mimi niko Nairobi na ni wa mkono wa kushoto so nilidhani hii kitu si yetu. Shida ya kushoto ni mkono unafuata nyuma ya maandishi, unapangusa kila kitu, mpaka jioni mkono wangu hapa upande wa kidole kidogo ulikuwa blue kama nimepaka rangi gate. Kilichonisaidia ni vitu viwili tu, nibu nyembamba ya Kijapani, na kuinamisha daftari ndio mkono ukae chini ya mstari badala ya kujikunja juu. Hizo karatasi za bei mbaya zinazosifiwa onlaini mimi nilikataa, wino unakaa juu yake haukauki haraka, kwa mtu wa kushoto hiyo ni balaa tupu.

Swali kwa Kidau, hiyo Pilot F na Lamy F (F ni fine, nibu nyembamba) mbona si sawa? Mimi nilinunua zote mbili nikaona Lamy ni nono.

---

Kidau

@kushoto254 umeona vizuri. Wajapani F yao ni nyembamba kuliko F ya Wazungu, kwa makadirio tu chukua kwamba F ya Lamy inakaribia M (medium, ya wastani) ya Pilot. Wao wanaandika kanji, herufi moja ina mistari kibao kwenye kijisanduku kidogo, nibu nene ingefunika kila kitu. Na kwa bahati nzuri hiyo hiyo nibu nyembamba inaweka wino kidogo, kwa hiyo hata kaunta buku yenye karatasi mbovu inaivumilia.

@wakili_mtarajiwa tunakusubiri.

---

wakili_mtarajiwa

Wakuu nimerudi na nimerudi na aibu.

Ukweli ni kwamba sikusubiri. Nilivyoandika uzi ile jioni, kesho yake asubuhi nikapita pale nikainunua. Ni Jinhao X450, kweli imeandikwa 18KGP kama alivyosema Kidau, nzito kama bomba la maji. Nikauliza wino, muuzaji akasema wa kalamu hizo umeisha ila kuna wino mzuri wa India, kichupa kidogo cheusi. Mimi nikajua umetengenezwa India, nikasema Wahindi si ndio wenyewe kwa vitu vya ofisini.

Siku ya kwanza iliandika, nyeusi tiii, nikapiga picha nikaweka statasi. Imekolea mpaka inatokea upande wa pili wa kaunta buku lakini nikasema ndio raha yenyewe. Jioni nikafunika. Asubuhi yake haiandiki. Nikatikisa, nikapata tone moja limedondoka kwenye shati jeupe la klinik ya sheria. Nikachovya kwenye maji, haiandiki. Nikaifungua kule nyuma, ule wino ndani ya kibomba umekuwa kama uji wa lami. Sasa hivi ninavyoandika nina kalamu ya elfu 35 ambayo ni mapambo.

Nicheke au nilie?

---

chai_maharage

Cheka tu mkuu, kulia kutaharibu wino

---

Kidau

Dah. Pole sana kiongozi.

Wino wa India ni aina, sio nchi. Ni wa kuchorea, ule wa wachoraji na wasanifu majengo, una masizi meusi na gundi ya shelaki ili ukikauka usitoke tena milele. Unatumika kwa kuchovya, unachovya unachora unafuta. Ukiuweka ndani ya fauntenipeni unakauka ndani ya ule ufa na vijifereji vya ulimi, ndio imetoka hiyo. Kichekesho ni kwamba India kweli wanatengeneza wino mzuri wa fauntenipeni, Camlin kwa mfano, ule hauna tabu.

Sasa usiitupe. Jinhao hiyo ina jambo moja zuri, nibu na ulimi vimechomekwa tu, havijabanwa kwa skrubu. Fanya hivi. Loweka sehemu yote ya mbele kwenye glasi ya maji ya kawaida, SIO ya moto, weka tone la sabuni ya kuoshea vyombo, acha usiku kucha. Asubuhi shika nibu na ulimi kwa pamoja kwa kitambaa, vuta moja kwa moja bila kuzungusha kwa nguvu. Vikitoka, chukua mswaki wa zamani sugua vijifereji vya ulimi, na kwenye ufa wa nibu pitisha kipande cha filamu ya zamani ya picha au karatasi ya plastiki nyembamba, wembe hapana, wembe utakwangua. Bomba la sindano la duka la dawa bila sindano linafaa sana kusukumia maji kwenye shingo ya kalamu. Kama bado lami imeng'ang'ania, amonia ya usafi sehemu moja kwa maji sehemu kumi, nusu saa, halafu suuza sana. Spiriti usiguse, kuna plastiki inapasuka.

Kuhusu wino, mtu anayeanza anaponea kwenye tatu tu: Parker Quink, Pelikan 4001, Waterman. Quink ipo sokoni tangu 1931 na ndiyo nyepesi kuipata kwenye steshenari kubwa, kichupa kina mililita 57. Kibomba chako kinabeba chini ya mililita moja, piga hesabu mwenyewe, kichupa kimoja unajaza zaidi ya mara hamsini. Hapo ndipo peni ya jero inapoanza kuonekana ghali.

Kwa kaunta buku ningeenda Pelikan 4001, ni wino mkavu, haumwagiki kwa fujo, kwa hiyo hauoti mizizi sana. Wino wa mhuri, wino wa printa, wino wa kuchorea, hivyo vyote weka mbali na kalamu yako kama petroli na moto.

---

mzee_wa_masjala

Vijana hamjambo. Huwa nasoma tu humu siandiki, ila uzi huu umenigusa. Mimi nilikuwa karani wa mahakama miaka mingi, nimestaafu, nipo Morogoro.

Sisi tuliandikia Hero. Ilikuwa na kifuniko cha chuma na mdomo umefichwa, nibu inachungulia kidogo tu kama kobe. Unafungua kiuno, ndani kuna kimpira kina kibati, unabonyeza mara nne tano ndani ya kidau cha wino, unaacha kinyonye, unapangusa na kitambaa ambacho kila karani alikuwa nacho mfukoni na mke wake alikuwa anakichukia. Na juu ya kila meza kulikuwa na karatasi ya kukaushia. Ukishamaliza mstari wa mwisho unaiweka juu unapitisha ngumi taratibu, hupangusi, ukipangusa umekwisha.

Nimwambie wakili kitu ambacho hawa hawajakisema. Joto la Dar. Mkono unatoka jasho na mafuta, unakaa juu ya karatasi, halafu ukifika chini ya ukurasa kalamu inaanza kurukaruka, unadhani wino umeisha. Haujaisha. Ni karatasi imeshika mafuta ya mkono wako, wino unaikataa. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja unaposhuka. Tulikuwa tunakatiwa vipande kabisa, bosi wetu alikuwa hasaini faili lenye alama ya kiganja.

---

wakili_mtarajiwa

Shikamoo mzee. Hiyo ya jasho imenitokea na nilikuwa nalaumu kalamu!! Asante sana.

---

mzee_wa_masjala

Marahaba mwanangu.

---

Kidau

Shikamoo mzee, karibu uandike zaidi, tunakuhitaji. Hero 616 hiyo, iliiga umbo la Parker 51 iliyotoka 1941. Ukiziweka pamoja utadhani ni ndugu wa baba mmoja, mmoja kasoma Ulaya.

---

Advokati_Kijiweni

Samahani nina swali la kisheria kidogo maana mimi ndio nipo kazini tayari. Nyie mnasifia wino wa bluu unaofutika, wino unaotoka na maji. Mteja wangu akisaini mkataba kwa hiyo kitu halafu chai ikamwagika? Au mtu akaamua kufuta? Mimi nasema fauntenipeni ni ya kuandikia barua ya mchumba, nyaraka saini kwa peni.

---

Kidau

Hoja nzuri na sikubaliani nayo nusu. Bluu ya kufulika kweli usisainie mkataba, hata mimi siwezi. Ila kuna wino wa kudumu. Waingereza vitabu vyao vya kusajili vizazi na ndoa waliviandikia miaka mingi kwa wino wa chuma na vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni, unaitwa wino wa msajili, unatoka kwenye kalamu umepauka halafu unazidi kuwa mweusi kadiri unavyokutana na hewa, na unajishika ndani ya karatasi. Diamine wa Liverpool wanautengeneza. Tena kuna Platinum Blue Black wa Wajapani, nao una chuma. Tatizo ni kwamba una asidi, kwa hiyo usiuache ukaukie ndani ya kalamu, osha kila baada ya wiki chache. Kwa anayeanza nasema aanze na wa kawaida, hiyo ndoa aifunge baadaye.

Pale peni inaposhinda kweli ni kwenye risiti. Risiti ya kaboni inataka kukandamiza, na nibu ukiikandamiza inatanua miguu hairudi. Kwa hiyo peni moja ya jero ibaki mfukoni, na usimwazime mtu kalamu yako ya nibu. Mtu akikuomba kalamu benki mpe hiyo ya jero.

---

Advokati_Kijiweni

Ya kumuazima mtu benki umemaliza kila kitu, nimeelewa

---

dada_wa_jeli

Mimi niulize kwa uchokozi tu, hivi jeli peni haifanyi hayo hayo yote? Inateleza, haitaki kukandamiza, buku tu, ikiisha unatupa. Naona wanaume mmeanzisha mchezo mwingine wa kumaliza hela kama ule wa saa.

---

Kidau

Haujakosea dada. Kama mtu shida yake ni mkono kuuma tu na hataki habari ya kuosha osha, jeli itamtosha na nitamwambia hivyo hivyo usoni. Ila jeli inaisha haraka kwa anayeandika kurasa kumi kwa siku, na ikianguka ikagonga ncha mara nyingi ndio kwaheri. Na ya saa, hapo umenigusa, niache.

---

kushoto254

Hii ya saa naona kuna mtu amepatikana 😂

---

wakili_mtarajiwa

MREJESHO.

Wakuu kalamu imefufuka. Nililoweka siku mbili, maji nimebadilisha nadhani mara kumi, yanatoka meusi tu kama supu ya pweza. Siku ya pili jioni nikavuta nibu kwa kitambaa, ikatoka na ulimi wake, ndani ya vile vijifereji kumejaa vipande vya ngozi nyeusi, nilivyosugua na mswaki vikawa vinatoka kama magamba ya samaki. Nikarudisha, nikaweka Quink bluu. Ikaandika mstari wa kwanza bila kusitasita, nikapiga kelele mpaka rumu meti akaja.

Ila bado ni nene, ni M hiyo na inamwaga. Kwa hiyo nikamtumia hela binamu yangu wa Dubai aliyekuwa anakuja mwezi huu, kaniletea Pilot Kakuno nibu F. Wakuu ile nibu ina kisura kinacheka, kweli kabisa, imechorwa macho mawili na mdomo, wanasema Wajapani waliitengeneza kwa ajili ya watoto. Nikaona aibu dakika mbili, halafu nikaandika, aibu ikaisha. Na kile kisura kinasaidia, kikikutazama wewe ujue umeishika sawasawa, kikiangalia chini umeigeuza.

Sasa nikafanya kile Kidau alichosema, nikaanza na karatasi. Nimechukua kalamu zote mbili, wino ule ule wa Quink, sentensi ile ile, nikaandika kwenye kila karatasi niliyoipata. Matokeo yamenishangaza:

Kaunta buku ya kwaya 3 niliyokuwa natumia, Jinhao inaota mizizi na inatokea nyuma mpaka ukurasa wa pili unapata madoa. Kakuno inaota kidogo sana, nyuma kunaonekana kivuli tu, naweza kuandika pande zote mbili.

Kaunta buku nyingine ya kampuni nyingine, bei pungufu kwa shilingi elfu moja, kwaya 3 vile vile. Hii ndiyo imenitoa macho. Wino unakaa juu, mistari imekaa safi kama imechapishwa, hata Jinhao imetulia. Nikaishika vizuri, karatasi yake ukiipapasa inateleza kidogo na ukiielekeza kwenye taa ina kaming'aro. Ile ya kwanza ukipapasa ina vumbi vumbi kama chaki.

Rimu ya A4 ya gramu 80 ya fotokopi, wastani. Kakuno safi, Jinhao inatokea nyuma.

Diary ya ngozi niliyopewa zawadi, ya bei, ina utepe wa kuwekea alama. Mbovu kuliko zote!! Wino ulipogusa tu ukatanuka kama mafuta kwenye gazeti. Nimeirudisha kabatini.

Sasa Kidau nieleze, gramu ni zile zile karibu, kwa nini moja inakataa wino na nyingine inakunywa?

---

Kidau

Hapo sasa umekuwa mwenzetu rasmi.

Gramu ni uzito tu, ni mita moja ya mraba ya hiyo karatasi ina gramu ngapi. Haikwambii imepakwa nini. Kiwandani karatasi wanaitia wanga au dawa nyingine ya kuizuia isinywe maji, ndiyo kile kiutelezi ulichopapasa. Ikitiwa vya kutosha hata karatasi nyembamba inashika wino. Kuna karatasi ya Kijapani inaitwa Tomoe River, ni gramu 52, unaiona kama karatasi ya kusokotea sigara, na wino haupenyi upande wa pili, unaona kivuli tu. Rhodia ya Wafaransa ni gramu 80 tu, sawa na rimu yako ya fotokopi, lakini mbingu na ardhi. Huyo aliyetengeneza diary yako alilipa hela ya ngozi akabana kwenye karatasi.

Na unyevu nao. Daftari lililokaa kipindi cha masika kwenye chumba chenye unyevu linaota mizizi zaidi ya lile lile la kiangazi. Weka kwenye mfuko wa nailoni.

Kitu kimoja tu: hiyo kaunta buku nzuri uliyoipata, kanunue tano leo leo. Nakuambia kwa uchungu. Mimi nilipata moja safi, nikamaliza, nikarudi dukani nikanunua jalada lile lile rangi ile ile, ndani wamebadilisha karatasi. Sasa hivi naenda dukani na kalamu yangu, namwomba muuzaji niandike neno moja ukurasa wa mwisho kabisa, nasubiri nahesabu kumi, nageuza. Wengine wananikatalia, wengine wanacheka, yupo mmoja sasa hivi akiniona tu ananifungulia mwenyewe ukurasa wa mwisho.

---

wakili_mtarajiwa

Nimenunua sita 🙏

Halafu swali la mwisho, mtihani. Nisije nikafukuzwa kwenye chumba.

---

Mbongo_Ujerumani

Kwenye mitihani ya NECTA masharti yalikuwa wino wa bluu au mweusi, michoro penseli, basi. Hakuna aliyesema uwe wa gololi. Chuo chenu soma maelekezo yao. Ila jaza kibomba usiku wa kuamkia, na peni ya kawaida weka pembeni, karatasi ya mtihani huwezi kuichagua.

---

mzee_wa_masjala

Vijana, mmenifanya nikatoe droo. Nimeikuta Hero yangu, ina wino umekaukia ndani tangu sijui lini, kimpira bado ni laini. Nimeilowesha kwenye kikombe kama alivyosema bwana Kidau, mke wangu ameuliza kikombe hicho atakinywea nani. Wino sijapata, hapa steshenari mbili nilizoenda wananiletea wa mhuri.

---

Kidau

MZEE USIUCHUKUE HUO

---

wakili_mtarajiwa

Mzee Jumamosi napanda basi kuja Morogoro kwa shangazi. Nitakumiminia Quink kwenye kichupa cha dawa cha mililita 20, nakifunga nailoni mbili. Nitumie ujumbe faragha tukutane pale stendi ya Msamvu. Na kikombe mwambie mama nitaleta kingine.

---

mzee_wa_masjala

Nitakuwepo. Nitavaa kofia. Njoo na hiyo kalamu inayocheka niione.